UZI: Mtoto akikufungulia moyo, wewe ndiye mtu mzima wa kwanza. Soma kabla hujamjibu

Mhudumu_Rhonda (Nakuru)

Wazazi, walimu, majirani, hamjambo.

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Nakuru, upande wa Rhonda na Kaptembwo. Kazi yangu ni kuingia nyumba za watu: kupima presha, kuuliza kama mtoto amemaliza chanjo, kuangalia maji na choo. Ukiingia nyumba za watu unaona pia mengi ambayo hukutumwa kuyaona.

Ninaandika kwa sababu kuna jambo linaniuma. Mtoto akifanyiwa ubaya, mara nyingi sisi tunaompenda ndio tunaoharibu matibabu yake, kesi yake na moyo wake, hata kabla daktari au polisi hajamwona. Hatufanyi kwa ubaya. Tunafanya kwa hasira, kwa aibu, na kwa kutojua.

Hebu niwape picha. Sebule imejaa. Baba mkubwa yuko, shangazi yuko, mzee wa mtaa ameitwa. Msichana wa gredi ya nne amesimamishwa katikati. "Sema tena. Sema vile ulimwambia mama." Anasema kwa sauti ndogo. Baba mkubwa anauliza, "Mbona hukupiga nduru?" Mtoto ananyamaza, anakunja vidole vya miguu kwenye kapeti. "Mnaona? Hana jibu." Na huko nje kwenye kamba, sketi aliyokuwa amevaa siku hiyo imeshafuliwa na bado inadondosha maji.

Mama yule alifua kwa uchungu. Mama gani angevumilia kuiangalia ile sketi? Lakini ushahidi ulienda na maji, na mtoto naye akajifunza kwamba kusema ni kusimamishwa mbele ya watu kama mshtakiwa.

Ndiyo maana nasema: mtu mzima wa kwanza kuambiwa ana uzito kuliko wote watakaofuata. Mtoto haji na hadithi kamili. Anakuja na kipande. "Sitaki kwenda kwa anko leo." "Yule kijana wa pikipiki simpendi." Anaangalia uso wako. Ukishtuka, ukafoka, ukasema "usiseme mambo kama hayo," anafunga, na huenda asifungue tena mpaka awe mtu mzima.

Basi fanya hivi. Kaa chini mlingane macho. Mwache aseme kwa maneno yake, hata kama anaruka huku na huku. Mwambie, "Asante kwa kuniambia. Nimekuamini. Hukukosa wewe." Usiulize "kwa nini": kwa nini ulienda, kwa nini hukukimbia. Kila "kwa nini" mtoto anaisikia kama lawama. Usimtajie majina wala kumtolea majibu, kwa sababu baadaye mahakamani wakili wa upande wa pili atasema alifundishwa. Na usimwahidi kwamba hutamwambia mtu. Mwambie ukweli: "Nitawaambia wale tu wa kutusaidia, na nitakuwa na wewe." Ukishajua ameumizwa na nani, inatosha. Maswali mengine yana wenyewe.

Kama ni unajisi, yaani mtoto ameingiliwa kimwili, au hata unashuku tu, usimwogeshe na usifue nguo. Nguo ziweke kwenye mfuko wa karatasi, ule wa kaki. Mfuko wa plastiki unashika unyevu na kuharibu ushahidi. Halafu hospitali, siku hiyo hiyo. Dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi, PEP, lazima ianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Inamezwa siku 28, na usiikatize hata mtoto akilalamika kichefuchefu. Rudi kwa daktari akusaidie. Kama msichana ameshabaleghe, kuna dawa ya kuzuia mimba ambayo hutolewa ndani ya saa 120. Katika hospitali za serikali matibabu haya ni bure kisheria. Huhitaji kupitia polisi kwanza ndipo utibiwe. Daktari atajaza fomu ya PRC, ile ya huduma kwa aliyebakwa, na ukienda kituoni utapewa P3, fomu ya polisi ambayo daktari anajaza kuhusu majeraha. Hizo fomu haziuzwi.

Nambari ya kushika ni 116, ya watoto. Haikati salio na inapokea usiku na mchana. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Jirani pia anaweza.

Nitajibu maswali nikitoka kazini.

---

JaKondele (Kisumu)

Mama, asante kwa uzi. Swali langu si la kusoma tu. Mtoto wa dada yangu, miaka 12, amesema jana jioni. Mtu mwenyewe ni wa ukoo. Wazee wamekaa leo asubuhi, wanasema yaishie nyumbani, atoe ng'ombe na aombe msamaha, tusivunje boma. Dada yangu analia tu. Mimi nifanye nini?

---

Mhudumu_Rhonda

Ndugu yangu, acha kusoma hapa kwa dakika chache, mchukue mtoto na mama yake, mwende hospitali ya Jaramogi, ile mnayoita Russia. Leo, si kesho. Saa 72 zinahesabiwa tangu tendo, si tangu aliposema. Hata kama zimepita, nendeni; kuna mengine ya kutibiwa. Ukifika uliza wanapohudumiwa waliodhulumiwa kijinsia, usiache mtoto apange foleni ya kawaida akisimulia kila dirisha.

Kuhusu wazee: wana heshima yao, lakini hapa hawana mamlaka. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006 imeiweka kesi ya namna hii nje ya mikono ya familia. Kifungu cha 40 kinasema uamuzi wa kuachisha uchunguzi au mashtaka ni wa Mwanasheria Mkuu, na tangu Katiba ya 2010 kazi hiyo inafanywa na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Mama hawezi kuiondoa, chifu hawezi, baba hawezi hata akipewa boma zima la ng'ombe. Na adhabu si mchezo. Mtoto akiwa na miaka 11 au chini yake ni kifungo cha maisha. Akiwa na 12 hadi 15, si chini ya miaka 20. Akiwa na 16 hadi 18, si chini ya miaka 15. Wazee wakijua hayo wataelewa kwamba hawasuluhishi ugomvi wa shamba.

Wakumbushe Busia ya 2013. Msichana wa miaka 16 alivamiwa na kundi la vijana akitoka mazishini, akaumizwa vibaya hata akashindwa kutembea. Polisi wakawapa washukiwa adhabu ya kukata nyasi kituoni kisha wakawaacha waende. Nchi ikachemka, watu zaidi ya milioni moja wakatia sahihi ombi la kudai haki, na mwaka 2015 watatu wakafungwa miaka 15 kila mmoja. Kama watu wangeukubali ule uamuzi wa nyasi, ingeishia pale pale. Ng'ombe wa wazee wenu na zile nyasi ni kitu kimoja.

Kuhusu kuvunja boma, boma lilivunjwa na aliyemgusa mtoto. Mtoto ataketi na huyo mtu Krismasi zote za maisha yake, apewe chai na mkono ule ule, na kila mtu mezani anajua. Fikirieni hilo kabla ya kuhesabu ng'ombe.

---

Mzee_wa_Bondeni (Nakuru)

Nimesoma na nakubaliana kuhusu hayo ya unajisi, hakuna mjadala. Lakini naona siku hizi kila kitu ni dhuluma. Sisi tulichapwa nyumbani, tukachapwa shuleni, na tumekuwa watu. Watoto wa sasa hawaguswi, na wanachoma mabweni. Tusichanganye nidhamu na ukatili.

---

Mhudumu_Rhonda

Mzee wangu, nakuheshimu na nimefurahi umesema wazi, maana wengi wanafikiri hivyo na hawasemi.

Kwanza upande wa sheria. Kiboko shuleni kilipigwa marufuku mwaka 2001. Katiba ya 2010, kifungu cha 29, inakataza adhabu ya viboko, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema atakayemtesa mwanafunzi kimwili au kiakili anaweza kutozwa hadi shilingi 100,000 au kufungwa hadi miezi sita, au vyote viwili.

Lakini tuiache sheria, tuongee kama wazazi. Mtoto ukimfundisha miaka kumi kwamba mtu mkubwa ana haki ya kumuumiza mwili, na kazi yake ni kunyamaza na kusema "samahani," utamlaumu vipi siku mtu mkubwa mwingine akimuumiza kwa njia nyingine naye akanyamaza? Kitu alichofanya msichana wa ile sebule ndicho tulichomfunza. Tunamtaka mtoto mtiifu wa kupindukia nyumbani, halafu tunamtaka shujaa wa kupiga nduru kichakani. Huyo mtoto hayupo.

Na hayo ya kukua tukawa watu, wengine hawakuwa. Tunawazika kwa pombe, tunawaona wakipiga wake zao, na hatuhesabu.

Halafu kuna habari njema, mzee, na ninapenda kuisema. Serikali ilifanya utafiti mkubwa wa ukatili dhidi ya watoto mwaka 2010. Kati ya vijana wa miaka 18 hadi 24, wanaume 73 kwa kila 100 na wanawake 66 kwa kila 100 walisema walipigwa au kuumizwa kimwili wakiwa watoto. Utafiti uliporudiwa 2019, wanaume walikuwa kama 52 na wanawake kama 39. Bado ni wengi mno, lakini idadi imeshuka ndani ya muda mfupi. Mabweni yalikuwa yanachomwa hata enzi za kiboko. Shule ya Kyanguli ya Machakos, Machi 2001, bweni lilichomwa wakafa vijana zaidi ya 60, mwaka ule ule kiboko kilipopigwa marufuku.

---

Mama_Kiamunyi (Nakuru)

Yangu ni ya shule. Kijana wangu ameanza bweni upande wa Bungoma. Wakubwa wanamwita mono, yaani mgeni wa shule, wanamfulisha nguo, wanachukua shopingi yake yote wiki ya kwanza. Siku ya kutembelea nimekuta amekonda, na alikula chapati bila kuinua kichwa. Nikimuuliza anasema "niko sawa mum." Mwalimu wa bweni ananiambia ndiyo maisha ya bweni, atazoea.

---

Mwalimu_Lurambi (Kakamega)

Mama Kiamunyi, niruhusu nijibu kama mwalimu wa miaka mingi. "Atazoea" ni neno la mtu asiyetaka kazi ya ziada. Ninachokiona: anayeonewa bila kutetewa huwa mmoja wa wawili. Ama anavunjika, ama anasubiri zamu yake, na mwaka unaofuata ndiye anayefulisha wengine.

Usiende kugombana na wale wavulana, na usimkokote mtoto wako mbele yao aonyeshe vidole. Utaondoka saa kumi, yeye atabaki nao usiku. Andika barua kwa mwalimu mkuu. Weka tarehe, taja kilichochukuliwa, lini, bweni gani, saa ngapi huwa inatokea. Dai nakala yako ipigwe muhuri. Mambo ya mdomo shuleni hupotea, barua yenye muhuri haipotei. Uliza nani huwa bwenini kati ya saa tatu usiku na kuzima taa, kwa sababu maovu mengi hutokea hapo na bafuni. Ukipuuzwa, nenda kwa bodi ya usimamizi, kisha kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Akiumizwa mwili, hospitali, kisha kituo cha polisi upate nambari ya OB, ile ya kitabu cha matukio.

Mtoto wako muulize kwa kando. Usiulize "wanakuonea?" Muulize, "Chakula cha jioni unakaa na nani?" "Usiku ukitaka kwenda msalani unaenda na nani?" Akisema hana mtu, umeshapata jibu.

Na nina langu, mama mhudumu. Nikijua kuna mwalimu mwenzangu ana mambo na mwanafunzi, nikimripoti mimi ndiye nitakuwa adui wa stafu nzima.

---

Mhudumu_Rhonda

Mwalimu, umejibu vizuri kuliko ambavyo ningejibu mimi. Niongeze kimoja tu kwa Mama Kiamunyi: wale wanaoonea nao ni watoto. Usitafute wafukuzwe tu waende kuonea shule nyingine. Dai shule iwakalishe na wazazi wao, ijulikane walijifunza wapi. Mara nyingi nyumbani kwao kuna mtu anayewafanyia vile vile.

Kuhusu mwenzako, mwalimu: unaujua waraka wa TSC, tume inayoajiri walimu, nambari 3 wa 2010. Anayejua na akanyamaza naye anachukuliwa hatua. Taarifa itolewe ndani ya saa 24. Kwa hiyo kunyamaza hakukulindi hata wewe. Najua sheria haikai na wewe kwenye chumba cha walimu saa ya chai, na ubaridi wa wenzako unaumiza kweli. Piga 116 kama unaogopa kuanzia ndani ya shule. Lakini piga, mwalimu. Yule mwanafunzi akitazama stafu nzima, huenda ni wewe tu anayekuona kama mlango.

---

Neema_MaiMahiu

Samahani kama si mada yenyewe. Yangu haikufanywa na mtu. Tulipoteza watu kwenye yale mafuriko ya Aprili 2024, usiku. Mtoto wangu wa kiume sasa ana miaka saba. Mvua ikigonga mabati anaanza kutetemeka, anakojoa kitandani, na baba yake anamwambia mwanaume halii. Hataki hata kupita karibu na mtaro.

---

Mhudumu_Rhonda

Dada Neema, pole sana. Ni mada yenyewe kabisa. Mwili wa mtoto hauna habari kama kilichomtisha ni mtu au ni maji. Solai pia, lile bwawa lilipovunjika Mei 2018, na huku Nakuru na Naivasha baada ya vurugu za mapema 2008, tuliwaona watoto wa namna hii. Wengine wa 2008 leo ni wazazi, na mlango ukigongwa usiku bado moyo unawaenda mbio.

Kukojoa kitandani si utundu. Usimwaibishe, usimtandikie shuka uani majirani waone. Mabati yakianza kulia, mfikie kabla hajapiga kelele, mshike, umwambie kinachoendelea: "Hii ni mvua. Nimeangalia nje. Maji hayajafika. Niko hapa." Sauti yako iwe ya chini na ya polepole, kwa sababu atafuata pumzi zako. Mpangie siku isiyobadilika: chakula saa ile ile, kulala saa ile ile, hadithi au sala ile ile. Mtoto aliyeona dunia ikigeuka usiku mmoja anahitaji kuona kuna vitu havigeuki. Mwache achore, achezee tope, hata acheze mchezo wa mafuriko. Anapoucheza anajaribu kuuelewa.

Baba yake zungumza naye mkiwa wawili, si mbele ya mtoto. Huenda naye hajalia tangu ule usiku.

Na kwa sababu imepita zaidi ya mwezi na bado anatetemeka, mpeleke hospitali kubwa, uombe mshauri wa watoto. Mwambie daktari mambo matatu: usingizi, mkojo, na mvua. Usiseme tu "anaogopa," watakupa dawa ya minyoo uende nyumbani.

---

JaKondele (Kisumu)

Tumetoka Russia saa hii. Amepewa dawa, amepimwa, daktari mwanamke alimwongelesha vizuri na akamtoa kila mtu chumbani isipokuwa mama yake. Fomu imejazwa. Kesho tunaenda kituoni, dawati la jinsia. Wazee wamenipigia simu mara nyingi, sijashika. Dada anauliza kama mtoto atasimamishwa kortini mbele ya yule mtu.

---

Mhudumu_Rhonda

Umefanya kazi ya baba, ndugu yangu. Mwambie dada apumzike leo.

Kortini, sheria ya 2006 inaruhusu mtoto atambuliwe kama shahidi anayehitaji ulinzi. Anaweza kutoa ushahidi akiwa amefichwa macho yasikutane, au kupitia mtu mzima anayemsemea. Mwambieni kiongozi wa mashtaka mapema aombe hilo, msisubiri siku yenyewe. Na mtu asiwatishe kwamba hakukuwa na shahidi mwingine. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinamruhusu hakimu, kwa kesi hizi, kuhukumu kwa neno la mtoto peke yake akiridhika kwamba anasema kweli, na aandike sababu zake. Mkihitaji wakili, FIDA, chama cha mawakili wanawake, wana ofisi hapo hapo Kisumu.

Kesho bebeni zile nguo kwenye mfuko wa karatasi, na cheti cha kuzaliwa. Kesi nyingi zinayumba kwa sababu umri haukuthibitishwa. Kama cheti hakipo, kadi ya kliniki ya mtoto, na mwombeni daktari afanye tathmini ya umri. Chukueni nambari ya OB, mpige picha kwa simu, na mwandike jina la afisa aliyewapokea. Mpitie pia ofisi ya watoto ya kaunti ndogo, afisa wa watoto ndiye atakayesimamia alale wapi kama yule mtu anaishi boma moja na yeye.

Dozi ya usiku mpeni baada ya kula. Halafu mwacheni atazame katuni na wenzake, asiulizwe chochote leo.

Wazee wakipiga tena, wape nambari ya kituo.